Mwamba Uliovunjika, Uliokunjika na Uliotiririka: Magadi, Rutongo au Taita?

Kila mwaka, msimu wa safari za masomo unapokaribia, walimu wa jiografia huulizana swali lile lile. Kuna basi moja, siku moja au mbili, na sura nzima ya kitabu inayoeleza jinsi miamba ya gamba la dunia inavyobadilika umbo inapobanwa, kuvutwa au kusuguana. Wanafunzi wapelekwe wapi? Mchoro wa kitabuni una mishale miwili inayoelekeana na matabaka matatu ya rangi, na chini yake limeandikwa neno "mkunjo" au "ufa". Mwanafunzi huukariri, akafaulu mtihani, kisha akapita kando ya jabali lililokunjwa kama mkeka bila hata kuligeuzia shingo. Nimelifundisha somo hili kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba siku moja mbele ya mwamba wenyewe humpa mwanafunzi kile ambacho wiki nne za ubaoni haziwezi kumpa.

Ulinganisho huu unahusu maeneo matatu ambayo walimu wengi wa kanda yetu husitasita kati yake: Magadi, kusini mwa Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako miamba imevunjika, vilima vya Rutongo, kaskazini mwa Kigali, ambako imekunjika, na Milima ya Taita, juu ya mji wa Voi, ambako imetiririka ingawa haikuyeyuka. Yote matatu yanafaa, lakini kila moja hujibu swali lake, na mwalimu asiyejua ni swali gani anataka lijibiwe atarudi na picha nyingi na elimu kidogo.

Kwanza, mwamba unaamuaje?

Ichukue kashata. Ikiwa bado ya moto siniani, huinama, huvutika, na kisu hupita ndani yake bila kelele. Ikishapoa, ukijaribu kuikunja hukatika ghafla na vipande vikaruka. Sukari ni ile ile, karanga ni zile zile, na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni joto. Mshumaa nao hufundisha jambo la pili: ukiegemezwa ukutani katika chumba chenye joto la Mombasa, baada ya siku kadhaa utaukuta umepinda wenyewe, lakini ukiupinda kwa mkono mara moja, unakatika. Kasi nayo ina kauli yake.

Miamba hufuata kanuni hizo hizo. Nguvu inapoanza kuusukuma, mwamba hunyumbuka kidogo sana, na nguvu ikiondolewa hurudi katika umbo lake; huo mnyumbuko ndio akiba inayotolewa kwa mshtuko tetemeko la ardhi linapotokea. Nguvu ikizidi kiwango ambacho mwamba unakistahimili, ama unavunjika ama unaanza kutiririka polepole huku ukiwa bado mgumu. Uamuzi huo hautokani na ukubwa wa nguvu peke yake. Hutokana na joto, uzito wa miamba iliyo juu, kasi ya kusukumwa, maji yaliyomo kwenye vinyweleo na nyufa zake, na aina ya madini yaliyouunda. Katika gamba la kawaida la bara, joto huongezeka kwa takriban digrii 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita unayoteremka. Kwatsi na feldispa ni madini mawili yanayojaa katika miamba ya bara: kwatsi huanza kukubali kutiririka kwenye joto la karibu digrii 300, ilhali feldispa husubiri hadi digrii 450 au 500. Ndiyo maana, kwa sehemu nyingi, miamba ya kilomita 10 hadi 15 za juu huvunjika, na iliyo chini zaidi hutiririka.

Wanafunzi wengi hufikiri kwamba mwamba uliokunjwa ulisukumwa kwa nguvu kubwa na uliopasuka ulisukumwa kwa nguvu ndogo, au kinyume chake. Nikichagua mahali pa kuwapeleka, hilo ndilo kosa ninalotaka liondoke vichwani mwao kabla ya basi kurudi.

Vigezo vya kulinganisha

Nimeyapima maeneo haya kwa mambo matano: ni badiliko gani la umbo linaloonekana pale, linaonekana kwa uwazi kiasi gani kwa jicho lisilo na mafunzo, chanzo na mwelekeo wa nguvu unaweza kuelezwa vipi ukiwa umesimama mahali pale, njia, usalama na ruhusa zikoje, na mwanafunzi anahitaji kujua nini kabla ya kufika. Gharama sikuiweka kuwa kigezo peke yake, kwa sababu inategemea unatokea wapi: mwalimu wa Kigali na mwalimu wa Mombasa hawawezi kuwa na hesabu moja.

Magadi: mwamba uliovunjika

*Kinachoonekana.* Ukitoka Nairobi kwa njia ya Kiserian, barabara inateremka ngazi kwa ngazi hadi ziwani, kwenye mwinuko wa mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila ngazi ni ukingo wa ufa ambao upande wake mmoja umeshuka. Sakafu ya bonde hilo ilifunikwa na lava ya aina ya trakiti yapata miaka milioni moja iliyopita, ikatandazwa kama zulia, kisha zulia hilo likakatwa na nyufa nyingi zinazokwenda karibu sambamba, takriban kaskazini hadi kusini. Kuta nyingine zina mita chache tu, nyingine zinapita mia moja. Katika mabonde yaliyozama kati ya kuta hizo, maji yalikusanyika yakakauka na kuacha magadi, yale yale ambayo mama zetu huyatia kwenye maharage yalainike haraka.

*Uwazi.* Hakuna mahali katika kanda hii ambapo nyufa zinajieleza zaidi ya hapa. Mimea ni michache, udongo ni mwembamba, na mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kunyoosha kidole na kusema wapi ardhi iliposhuka. Mahali ambapo uso wa ufa haujaliwa na mvua, mwambie mwanafunzi aweke kiganja juu yake. Atakuta mikwaruzo iliyonyooka, iliyochorwa na jabali lililoteleza juu ya jabali jingine. Akipapasa kuelekea chini kiganja huteleza, akirudisha juu hukwama kwenye vijikingo vidogo. Upande ule ambao mkono unateleza ndio ulikokwenda mwamba uliokuwa hapo. Nimewaona vijana wakirudia kitendo hicho mara tatu nne, kimya, kabla ya kuuliza swali lolote.

*Nguvu.* Ni mvutano. Bamba la Somalia, kipande kikubwa cha gamba la dunia upande wa mashariki, linajitenga na bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, kwa milimita chache tu kwa mwaka, kasi ndogo sana kuliko ya ukuaji wa ukucha. Ardhi inapovutwa hukatika kwa nyufa zilizoinama, na kipande kilicho juu ya mwinamo huteleza kwenda chini. Hapa kuna zoezi ambalo walimu wa hisabati pia hulipenda: ufa ulioinama kwa digrii 60 ukishusha ardhi kwa mita 100, umeirefusha ardhi kwa takriban mita 58. Wanafunzi wakipima kuta kadhaa kwenye mstari mmoja wa mashariki hadi magharibi na kujumlisha, watajua kwa mikono yao wenyewe bonde limepanuka kiasi gani kwenye mstari huo.

Tena si historia iliyokwisha. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la Subukia, kaskazini zaidi katika Bonde hilo hilo, lenye ukubwa wa 6.9, liliipasua ardhi kwa makumi ya kilomita na kuishusha kwa zaidi ya mita mbili mahali pengine. Akiugawanya ukuta wa mita mia moja kwa hatua za namna hiyo, mwanafunzi anaelewa kwamba mbele yake kuna matetemeko mengi yaliyorundikana. Mwaka 2007, upande wa pili wa mpaka, nchini Tanzania, magma, yaani mwamba ulioyeyuka ulio chini ya ardhi, ilijipenyeza chini ya mlima Gelai, matetemeko yakafululiza kuanzia Julai, na lile kubwa la tarehe 17 lenye ukubwa wa 5.9 likahisiwa hadi Nairobi. Mwezi Septemba mlima jirani, Ol Doinyo Lengai, ukalipuka. Kwa hiyo nyufa za kusini mwa Bonde hili hazifunguliwi na kuvutwa peke yake. Magma nayo hushiriki.

*Njia, usalama na ruhusa.* Ni kilomita 110 hivi kutoka Nairobi, na safari ya siku moja inawezekana. Joto ndilo adui. Mchana hakuna kivuli, na miamba myeusi hurudisha joto usoni. Ondokeni alfajiri, na kila mtu abebe maji zaidi ya anavyodhani atahitaji. Ardhi ina wenyewe, jamii ya Wamaasai, na ni adabu na busara pia kuzungumza nao mapema na kumchukua kijana wa hapo awaongoze. Njiani mnaweza kusimama Olorgesailie, ambapo mashapo meupe ya ziwa la kale, yenye zana za mawe za binadamu wa kale, nayo yamekatwa na nyufa.

*Elimu ya awali.* Ndogo. Ajue tu kwamba lava hutandazika kwa ulalo, mengine atayaona.

*Panamfaa nani.* Wanaoanza, vikundi vikubwa, na mwalimu anayetaka kuunganisha mwamba na tetemeko. Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuondoka akiamini kwamba miamba yote huvunjika tu.

Rutongo: mwamba uliokunjika

*Kinachoonekana.* Vilima vya Rwanda, pamoja na vya Burundi, Kagera na Ankole, ni sehemu ya ukanda mmoja wa miamba ambayo ilianza kama mchanga na tope zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Mchanga ukawa mwamba mgumu wa kwatsi, tope likawa mwamba laini unaopasuka kwa vibamba vyembamba, na baadaye rundo lote likabanwa kutoka ubavuni likakunjika. Mkunjo uliopanda nitauita mgongo, na uliozama nitauita hori. Rutongo pako juu ya mgongo.

*Uwazi.* Hapa lazima niseme ukweli: mkunjo wa Rutongo hauonekani kwa kuutazama. Ni mkubwa kuliko upeo wa jicho, na umefunikwa na mashamba, mikaratusi na udongo mwekundu. Unachokiona kwenye kingo za barabara ni matabaka yaliyoinama tu. Mwanafunzi anapima mwinamo mahali pa kwanza, anaandika; anasogea, anapima tena, anaandika; na mahali fulani baada ya vituo kadhaa, matabaka yanaanza kuinama kuelekea upande wa pili. Hapo ndipo anapogundua kwamba amevuka mgongo. Ni kazi ya upelelezi, nayo ina furaha ambayo Magadi haiwezi kuitoa, lakini kwa mwanafunzi asiye na subira inaweza kuwa siku ndefu ya kushika dira kwenye vumbi.

Kuna mtego mmoja wa kuwaonya. Umbo la kilima si umbo la mkunjo. Mwamba mgumu hubaki kileleni na laini huliwa, kwa hiyo mgongo wa mkunjo unaweza kuwa bonde leo. Mfano bora uko Uganda, karibu na Mbarara, ambako graniti iliyokuwa katikati ya mkunjo uliopanda imeliwa ikawa uwanda wa chini, na matabaka magumu yamebaki pembeni kama ukuta wa uwanja wa michezo. Anayesimama katikati anadhani yuko kwenye hori, kumbe yuko mgongoni.

*Nguvu.* Ni mgandamizo wa kutoka pembeni, na matabaka ndiyo yanayouandika. Waambie wanafunzi walete madaftari kumi, wayapange, wachore mstari mmoja wima kwenye ukingo wa rundo, kisha walikunje rundo zima. Mstari utavunjika vipande, kwa sababu kila daftari limeteleza kidogo juu ya jirani yake. Matabaka ya mwamba hukunjika vivyo hivyo: tabaka gumu hupinda, na lililo laini hupokea mtelezo na kusongamana kwenye kona. Tabaka gumu lililo nene hutoa mikunjo mipana. Lililo jembamba hutoa mikunjo midogo iliyofuatana.

Lakini tabaka gumu halikubali kupinda bila gharama. Upande wake wa nje huvutwa na kupasuka, na majimaji ya moto yaliyopita baadaye kwenye nyufa za mwamba wa namna hiyo yaliacha mishipa ya kwatsi yenye madini ya bati. Wachimbaji wa Rutongo wameifuata mishipa hiyo tangu enzi za utawala wa Wabelgiji. Kukunjika na kuvunjika, basi, vinaishi ndani ya mwamba mmoja, na mchimbaji anayejua umbo la mkunjo anajua achimbe wapi.

*Njia, usalama na ruhusa.* Kutoka Kigali ni safari fupi, na miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri, kwa sababu mvua hugeuza kingo za barabara kuwa utelezi na maporomoko. Machimbo yanafanya kazi. Msiingie kwenye shimo lolote bila kibali cha maandishi na mwenyeji, hata kama mlango uko wazi.

*Elimu ya awali.* Ya kati. Lazima ajue kutumia dira na kipima mwinamo kabla ya kufika. Mwalimu aliyeahirisha somo hilo hadi siku ya safari atalifundisha juani huku saa zikienda.

*Panamfaa nani.* Wanafunzi wa kidato cha juu wanaopenda ramani, vikundi vidogo, na wote wanaotaka kuona uhusiano kati ya umbo la miamba na riziki ya watu. Mwalimu wa Kagera hana haja ya kuvuka mpaka: vilima vya Karagwe na Kyerwa ni vya ukanda huo huo, na bati limechimbwa huko pia.

Taita: mwamba uliotiririka

*Kinachoonekana.* Barabara ya kupanda Wundanyi imepasua miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, iitwayo naisi, yenye mistari myeupe ya kwatsi na feldispa na mistari myeusi ya ulanga. Usitazame mlima, inama ulitazame jiwe. Vijito vya huko vina mawe yaliyosuguliwa na maji hadi yakawa kama yamepigwa msasa, na hayo ndiyo kitabu. Katika jiwe la ukubwa wa meza utakuta mshipa mweupe unaokwenda, unageuka, unarudi ulikotoka, na kugeuka tena, mikunjo imebanana kiasi kwamba kidole hakipiti kati yake. Hapo hapo kuna tabaka gumu lililovutwa hadi likakatika vipande vyenye kingo za mviringo, kimoja baada ya kingine kama nyama kwenye mshikaki, na mistari ya madini laini imejiingiza katika kila pengo. Mahali pengine chembe nyekundu za garneti zimekaa kama punje za komamanga, na mistari ya ulanga imezizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni.

*Uwazi.* Kwa jicho la kwanza, mwanafunzi huona "mawe yenye mistari mizuri". Kwa jicho la pili, akiwa amesaidiwa, huona mwendo. Tofauti kati ya macho hayo mawili ni mwalimu, na ndiyo sababu eneo hili linaweza kuwa bora kuliko yote au kupotezewa siku nzima.

*Nguvu.* Zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, vipande vya bara vilivyokuwa vikiungana kuwa Gondwana, bara kubwa la kale, viligongana hapa, na milima mirefu ikainuka. Miamba tunayoikanyaga leo Taita, Pare, Usambara na Uluguru ilikuwa kwenye mizizi ya milima ile, kwenye kina cha kilomita 30 hivi au zaidi, na kwa milima ya upande wa Tanzania joto lilifika karibu digrii 800. Hapo naisi ilibanwa, ikasuguliwa na kuvutwa kwa mamilioni ya miaka. Ilibaki ngumu. Mhunzi anapokitoa chuma chekundu motoni, chuma hicho hakijayeyuka, hakimwagiki, lakini kinakubali nyundo. Ndani yake chembechembe zinateleza na kujipanga upya. Naisi ilifanya hivyo bila nyundo, kwa mwendo ambao hakuna jicho lingeuona. Mvua na mito ya mamilioni ya miaka ndivyo vilivyoondoa kilomita zote zile za juu hadi mizizi ikafika mbele yetu.

Na ule mshikaki? Unaonyesha kwamba katika joto moja na mvutano mmoja, madini tofauti hujibu tofauti: lile gumu lilikatika, lile laini likatiririka kulizunguka. Wachimbaji wa Tanzanaiti, jiwe la thamani la buluu, wa Mererani kaskazini mwa Tanzania, wale wanaojiita wanaapolo, wanalijua hili kwa vitendo. Jiwe lile, lililogunduliwa mwaka 1967, hupatikana zaidi kwenye kona za mikunjo na kwenye mapengo ya matabaka yaliyokatika namna hiyo. Garneti ya kijani ya Taita nayo hutoka katika miamba ya ukanda huu, yenye grafiti, ile iliyomo ndani ya penseli.

Kosa linalojirudia hapa ni mwanafunzi kuandika kwamba Milima ya Taita ilikunjwa na Bonde la Ufa. Kati ya kukunjwa kwa naisi na kufunguka kwa Bonde kuna zaidi ya miaka milioni mia tano. Litamkeni hilo mkiwa pale pale.

*Njia, usalama na ruhusa.* Voi iko kwenye barabara kuu na reli ya Nairobi hadi Mombasa, na Wundanyi kuna baridi ya kupendeza. Hatari ni kona za barabara: basi halina mahali pa kusimama, na wanafunzi arobaini hawawezi kukaa ukingoni. Chagueni kijito au machimbo ya mawe yaliyoachwa, mkaombe ruhusa. Jambo jingine linahitaji heshima ya pekee: Wataita wa zamani walihifadhi mafuvu ya wazee wao kwenye mapango na chini ya majabali, na baadhi ya mahali hapo pangali patakatifu. Muulizeni mzee wa kijiji kabla ya kuwapeleka watoto chini ya jabali lolote.

*Elimu ya awali.* Kubwa kuliko yote. Mwanafunzi anapaswa kuyajua madini manne au matano kwa sura, na awe ameelewa habari ya joto na kina.

*Panamfaa nani.* Vyuo, vidato vya mwisho, na mwalimu mwenye subira ya kukaa na jiwe moja kwa nusu saa. Mwalimu wa Tanga au Kilimanjaro atapata elimu hiyo hiyo kwenye barabara ya Mombo hadi Lushoto, akiwa na tahadhari hiyo hiyo ya kona.

Ukiyaweka pamoja

Magadi panamwonyesha mwanafunzi tukio, Rutongo panamwonyesha umbo, na Taita panamwonyesha mwendo. Kwa uwazi Magadi pako mbele kwa mbali. Kwa kumfundisha mwanafunzi kupima na kufikiri, naona Rutongo panapita. Kwa kuondoa lile kosa la "nguvu kubwa, nguvu ndogo", hakuna mahali panapoifikia Taita, kwa sababu kukatika na kutiririka vinaonekana ndani ya jiwe moja. Hata hivyo Taita bila maandalizi ni duni kuliko Magadi bila maandalizi, na hilo lisifichwe.

Wasomaji walioko Muscat na miji ya jirani wana bahati yao. Milima ya Hajar haina msitu wala udongo wa kuficha kitu. Mikunjo mikubwa ya mawe ya chokaa inaonekana ukiwa garini, na katika Wadi Mayh iko mikunjo iliyovutwa hadi ikafanana na ala ya upanga. Walioko Katanga nao wanaishi juu ya safu ya miamba iliyokunjwa, ile ile inayobeba shaba.

Kwa hali yako

Kama wanafunzi ni wa shule ya msingi au wa kidato cha kwanza na cha pili, na hawajawahi kutoka kwenda kutazama miamba, nendeni Magadi, au kwa walioko Arusha simameni Mto wa Mbu mkautazame ukuta wa Manyara, ambao ni ufa wa aina hiyo hiyo. Kama darasa ni dogo na dira zinatosha, na mtihani wao una swali la ramani ya miamba, chagueni Rutongo au Karagwe, mkitenga siku mbili, ya kwanza ya kupima na ya pili ya kuchora. Kama wanafunzi wako chuoni, au ni wa kidato cha mwisho na wamekwisha kuyashika madini mikononi maabara, Taita na Usambara zitawalipa kila saa watakayotumia.

Kama shule iko Nairobi na bajeti inaruhusu siku mbili, naweza kupendekeza kuunganisha: siku ya kwanza Magadi, siku ya pili Machakos, ambako naisi ya ukanda ule ule wa Taita inaonekana kwenye majabali, ili wanafunzi walale usiku mmoja kati ya mwamba uliovunjika na uliotiririka. Ni safari ya kuchosha, na kwa kikundi kikubwa siishauri.

Na kama hakuna fedha za basi kabisa, tafuteni jiwe moja la naisi lenye mkunjo ndani yake. Kwa shule nyingi za mashariki mwa Kenya na za Tanzania kuanzia Pare hadi Morogoro linapatikana kwenye kijito cha karibu. Lisugueni kwa mchanga na maji hadi mistari itoke vizuri, mliweke juu ya meza ya mwalimu, na mpike kashata siku hiyo hiyo.